Taa za Gari ni za Nani?

Ndugu msomaji, mwaka jana nilikula cha juu cha shilingi 280,000 katika balbu mbili za gari. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili usije ukadhani kwamba anayeandika hapa ni mtu msafi anayewafundisha wachafu. Mimi si mwanafalsafa. Nilimaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo ni msaidizi katika gereji moja ya uani hapa Dar es Salaam, huku usiku nikiandika riwaya yangu kwenye madaftari. Lakini balbu zile zimeniachia swali ambalo nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Swali lenyewe ni hili: muuzaji na mnunuzi wakikubaliana juu ya kitu cha uongo, na wote wawili wakaridhika, je, kuna aliyedhulumiwa?

Basi nianze na kisa. Mjomba wangu ana Toyota aliyoiagiza ikiwa imetumika Japani. Kila mwisho wa mwezi, Ijumaa akishatoka kazini, huendesha hadi Korogwe kumwona bibi, na safari hiyo karibu yote ni ya usiku. Taa yake moja ya mbele ikaanza visa. Ukiiwasha inawaka, inageuka rangi ya waridi, baada ya dakika chache inazima. Akaniita. “Mjomba,” akaniambia, maana sisi huitana hivyo, “wewe ndiye unayejua mambo ya spea. Kaninunulie zote mbili, orijino, nisije nikafa njiani.” Akanihesabia laki tatu na nusu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana bila kuzijua taa hizi hutaliona kosa langu lilipo. Balbu ya halojeni tuliyoizoea ina kijiwaya ndani ambacho hupata moto kikang'aa. Hizi tunazoziita zenoni au HID hazina kijiwaya. Zina kichupa kidogo cha kioo kigumu chenye gesi ya zenoni na chumvi za madini, na ncha mbili zilizoachana kama milimita nne. Kifaa kiitwacho balasti hurusha umeme wa voti 20,000 na zaidi kwa kitambo kidogo sana, cheche inaruka kutoka ncha hadi ncha, kisha inatunzwa hapo kwa wati 35 tu. Mwanga wake ni kama mara mbili ya ule wa halojeni ya wati 55. Gari la kwanza kutoka kiwandani na taa hizi lilikuwa BMW ya Mfululizo wa 7, mwaka 1991.

Sasa, waliobuni mwanga mkali namna hiyo walilazimika kumfikiria mtu mwingine asiye mnunuzi. Ndani ya taa waliweka ukingo unaokata mwanga usipande juu. Kwa nchi kama yetu na Japani, ambako tunaendesha kushoto, upande wa kulia anakotokea mwenzako ndiko mwanga unakokatwa chini zaidi. Huko Ulaya kanuni zinataka taa zenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujishusha zenyewe gari linapolemewa nyuma na mzigo. Lakini ukingo ule unafanya kazi kwa sharti moja: cheche ikae mahali pake hasa. Balbu iliyotengenezwa ovyo, cheche yake ikiwa imepotoka hata kwa sehemu ya milimita, hutawanya mwanga na kuurusha usoni mwa anayekuja.

Na kuichagua balbu iliyo ya kweli si uchawi. Kwanza vua ile ya zamani, taa zikiwa zimezimwa, uisome kitako. Kama imeandikwa D4S, nunua D4S, usikubali D2S eti kwa sababu zinafanana. D2 hufanya kazi kwa voti 85 na ina zebaki ndani. D4 ni voti 42 na haina zebaki. Herufi ya mwisho nayo ina maana yake: S ni ya taa yenye lenzi ya duara kama jicho, na R, iliyopakwa rangi nyeusi sehemu ya kioo chake, ni ya taa inayotegemea kioo cha kuakisi. Halafu kuna rangi. Balbu ya kiwandani huwa karibu na Kelvini 4,300, nyeupe yenye umanjano kwa mbali. Vijana tunapenda ile ya 8,000, ya buluu, tukaonekana wa kisasa, kumbe kadiri balbu inavyokazana kuwa ya buluu ndivyo barabara inavyoonekana kidogo.

Kitako cha orijino kimeandikwa namba yake: D4S ya kawaida ya Osram ni 66440, ya Philips ni 42402, pamoja na herufi E ndani ya duara. Feki nayo huandikwa hivyohivyo, kwa hiyo usiishie kwenye maandishi. Tazama kama kichupa kimenyooka, kama kioo hakina mapovu, kama kitako hakichezi. Ukikuta namba ya balbu ya kawaida ya kiwandani halafu boksi linasema 8,000K, hapo uongo umejitaja wenyewe. Nunua mbili kwa pamoja, kwa sababu balbu hufifia na kubadilika rangi kadiri inavyozeeka, na usiguse kioo kwa vidole.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwa ujinga.

Nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea. Duka la kwanza walinitajia laki tatu na thelathini, wakanifungulia boksi, wakaniruhusu nilinganishe na balbu ya zamani niliyokwenda nayo. Zilikuwa zenyewe. Nikasema nakuja. Duka la pili, kijana wa makamo yangu akanitazama kuanzia viatuni mpaka usoni akaniuliza, “Kaka, unanunua ya kwako au umetumwa?” We acha tu. Swali hilo moja lilikuwa limeshamaliza biashara. Akanitolea boksi linalofanana na lile la kwanza kama mapacha, bei elfu sabini kwa zote mbili, na risiti akaniandikia laki tatu na nusu bila hata kuombwa. Nilipoikagua balbu niliona kichupa kimeinama kidogo. Nikairudisha ndani ya boksi.

Utaniuliza fedha nilitaka za nini. Nilitaka kuchapisha mswada wangu. Stesheneri moja ilikuwa imenikubalia kurasa 210 kwa shilingi elfu moja kila ukurasa. Nilijiambia kwamba riwaya ikitoka, Mjomba atakuwa wa kwanza kujivunia. Mtu akishaamua kuiba hakosi sababu nzuri.

Nikazifunga. Zikawaka, nyeupe inayoelekea buluu, Mjomba akapiga makofi. “Aisee, kama mchana!” Ijumaa hiyo akanichukua tukamwone bibi pamoja.

Tulipita Chalinze giza limeshaingia. Kutoka pale kuelekea Segera kila gari lililotujia lilikuwa linatuwakia ful. Mjomba akashangaa. “Leo wana nini hawa? Mbona taa nimeshusha?” Mimi nilikuwa nayatazama majani ya miti jinsi yalivyomulikwa juu kabisa, mahali ambapo taa iliyoshushwa haina haja napo, na nikanyamaza.

Mbele kidogo tukamwona mtu wa baiskeli akija upande wa pili, magunia mawili ya mkaa nyuma. Akainua mkono kujikinga macho. Baiskeli ikayumba, ikaacha lami, ikaingia mtaroni na mzigo wote. Mjomba akasimamisha gari, tukakimbia. Mungu saidia alikuwa mzima, amechubuka goti na kiganja, gunia moja limepasuka. Hakutukana. Alisema tu, “Taa, mzee. Sikuona kitu.”

Mjomba akampa pole, akamsaidia kuinua baiskeli, akampa elfu kumi ya gunia. Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia: “Lakini ndugu yangu, hizi balbu ni mpya kabisa. Orijino. Huyu kijana wangu ndiye aliyeninunulia.” Yule bwana akanitazama, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba basi huenda macho yake ndiyo mabovu.

Ndugu msomaji, kumwibia mjomba ni wizi, na wizi hauhitaji falsafa. Hilo tuliweke kando. Kinachonisumbua ni jambo jingine. Tuseme fedha zingekuwa zangu na gari langu. Tuseme yule kijana wa duka angeniambia wazi, “Hii feki, elfu sabini,” nami nikakubali kwa hiari yangu. Hapo uongo uko wapi? Nilimwuliza fundi wetu gerejini, akanijibu, “Hakuna uongo. Sote tunajua. Na maskini usipomwuzia feki, atanunua nini?”

Jibu lake lina uzito, sitaki kulidharau. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwa muda mrefu nilidhani methali hiyo inatosha. Lakini itazame vizuri. Inamwonya mnunuzi juu ya chungu chake mwenyewe: ukinunua rahisi, mboga yako itaharibika, utalala njaa wewe. Sheria nayo huanzia hapohapo. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Wanaotajwa kulindwa ni mwenye jina lililoibwa na mteja aliyedanganywa. Mwenye baiskeli hana jina la kuibwa wala risiti ya kudai. Hakuwapo dukani. Hakuulizwa kama anakubali.

Kumbe basi taa ya gari si kama chungu. Chakula kibaya nakila mimi niliyekinunua. Taa mbaya, mimi nimekaa nyuma yake, na yumkini nikaisifu kwamba inawaka kama mchana. Wa mwisho kuujua ubaya wake ni mwenye gari. Wa kwanza ni yule anayekuja. Ndiyo maana nimefika kuamini kwamba uaminifu baina ya wawili hautoshi. Tunaweza kuambiana ukweli mtupu, mimi na muuzaji, tukapeana mikono, na bado tukawa tumekubaliana kumtupa mtu wa tatu mtaroni.

Na kuhusu maskini, fundi wetu amesahau kitu kimoja. Yule wa mkaa ndiye aliyekuwa maskini kuliko wote barabarani usiku ule. Umaskini unanipa ruhusa ya kukosa kitu, haunipi ruhusa ya kumtwisha hasara yangu aliye chini yangu. Asiye na laki tatu anaweza kutafuta balbu ya mtumba iliyovuliwa kwenye gari la Japani, ikauzwa kwa jina lake la mtumba. Mwanga wake utakuwa umepungua, lakini cheche yake iko mahali pake. Au asafiri mchana. Ni shida, najua. Lakini shida hiyo ni yake, na anaijua anapoichagua.

Utasema: kwa hesabu hii hatutanunua kitu, maana kila kitu kinamgusa mtu fulani tusiyemjua. Nakubali kwamba siwezi kujua kila niendako nani nitamgusa. Lakini mimi nilikiona kichupa kimeinama. Nadhani wajibu huanzia pale mtu anapoona, halafu akarudisha kitu ndani ya boksi.

Asubuhi, kwa bibi, nilimweleza Mjomba kila kitu. Nilitegemea kofi. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akasema, “Mimi nimekusikia. Na yule wa baiskeli utamwambia nini? Nimemwapia kwa jina lako.” Jumapili tukarudi mchana. Tulisimama pale tulipoona mkaa umemwagika, tukauliza kwenye kibanda cha karibu. Wapita na mkaa pale ni wengi, wakatuambia, hawajui tunamsema yupi.

Zile laki mbili na themanini hazikuwa zimeguswa. Niliongeza elfu hamsini za mshahara, nikarudi duka la kwanza, nikanunua zile za laki tatu na thelathini. Feki nilizivunja vitako ili fundi asije akazifunga kwa mtu mwingine. Tulipokwenda tena Korogwe, hakuna aliyetuwakia ful. Mjomba hakusema kitu, wala mimi.

Mswada wangu bado uko kwenye madaftari. Mjomba nimemlipa. Mtu wa tatu sijamlipa, na sijui alipo. Pengine bado anaamini kwamba macho yake ndiyo yaliyomkosesha. Sasa nakuuliza wewe, ndugu msomaji, uliyekwisha kununua kitu ukijua: deni la mtu ambaye hakuwapo dukani, na ambaye hatakuja kukudai, hulipwa kwa nani?