Lawama Hufuata Mkondo

Maji yakimwagika hayazoleki, tunaambiwa tangu utotoni. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuishi Kitengela. Huku maji yanazolewa: ya kusuuzia nguo yanapiga deki, ya deki yanaenda chooni, na ploti nyingine huyapeleka kwa bomba hadi kwenye mboga. Sina ugomvi na mpango huo. Mahali ambapo watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, kuyamwaga baada ya kazi moja ni dharau. Swali langu ni jingine: mboga zikikauka, kosa ni la nani?

Kwetu jibu lilipatikana kabla mtu hajafungua hata bomba. Ploti yetu ina sehemu ya kufulia yenye sakafu ya simiti. Maji yake hupita kwenye kichujio, huingia kwenye pipa, kisha hushuka kwa bomba lenye matundu hadi kwenye matuta ya sukuma wiki, ambazo mwenye ploti hutuuzia sisi wapangaji. Msimu mmoja majani yakaanza kuungua kandokando. Udongo ukashika ukoko, maji yakatuama juu badala ya kuzama, na pipa likanuka. Keateka akasema ni mama fua, eti anamwaga sabuni kama mtu asiyejua bei yake. Akapendekeza asiruhusiwe tena kupita getini. Wapangaji wengi walinyamaza, na kwenye ploti kimya huhesabiwa kuwa kura.

Nilisoma kemia mihula mitatu kabla ya kuacha chuo. Hainifanyi mtaalamu, lakini ilitosha kunitia shaka.

Tuanze na pipa. Maji ya kufulia hayafai kulala zaidi ya saa 24. Yana jasho, ngozi na uchafu ambao bakteria hula, na wakishamaliza oksijeni iliyomo, maji huoza. Yetu yalikuwa yakilala siku tatu, kwa sababu kichujio kilikuwa kimejaa nyuzi za nguo na bomba halikuwa na mteremko wa kutosha. Bomba la namna hii linataka kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Letu lilikuwa na mahali lilipoinuka kama mgongo wa ngamia. Fundi alishalipwa, akaenda zake. Kusafisha kichujio haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Kisha udongo. Nilichukua mabonge mawili makavu, moja kutoka kwenye tuta na jingine kutoka nje ya ua, nikayaweka kwenye glasi mbili za maji ya mvua bila kukoroga. Baada ya saa chache bonge la nje lilikuwa limevunjika, lakini maji yake yalibaki safi. Glasi ya pili ilikuwa imejaa ukungu kama chai ya maziwa. Hiyo ni dalili ya sodiamu. Ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, hasa huu wetu mweusi, chembe huachana, huziba vinyweleo, na maji hukosa pa kupita.

Sodiamu hiyo ilitoka wapi? Sabuni ya unga inayo, ndiyo. Ile ya maji inayouzwa kwa kupimiwa pia inayo, maana watengenezaji wengi huifanya nzito kwa kuiongezea chumvi. Lakini onja maji ya kisima chetu kabla hayajagusa sabuni. Visima vingi vya pande hizi hutoa maji ya chumvi, na chetu ni kimoja wapo. Chumvi ilikuwa ndani ya mfereji kabla mama fua hajafika kazini.

Nilimuuliza. "Kijana wangu," akasema, "maji nimepewa, sabuni nimepewa, nguo si zangu. Changu hapa ni mikono tu." Na dawa ya kutoa madoa? Alikiri huitia kwenye shuka nyeupe, kwa sababu wenye shuka humwambia atie. Je, alijua maji yale yanaenda kwenye mboga? Hapana. Alidhani yanaenda huko maji machafu huenda.

Kwa hiyo mkono wake ulimwaga dawa, hilo siwezi kulifuta. Lakini kumwaga na kukosea si kitu kimoja. Aristotle aliona zamani kwamba anayetenda bila kujua hatendi kwa hiari, kisha akaongeza jambo ambalo watu hupenda kuliruka: kuna kutojua ambako mtu anastahili kuadhibiwa kwako, kwa sababu ilikuwa juu yake kujua. Mama fua hakujua kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mwenye ploti hakujua kwa kuwa hakutaka kulipia kipimo cha maji ya kisima. Hayo ni majina mawili ya kutojua, na sisi tunayaita kwa jina moja.

Lawama ina tabia ya maji. Huteremka hadi mahali pa chini kabisa, ikatulia hapo. Inampita mwenye kisima, fundi na mpangaji mwenye shuka nyeupe, kisha inamkuta aliyeinama kwenye beseni. Huyo ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kubadilisha chochote, na ndiye pekee asiyekula sukuma hizo.

Najua jibu la haraka: basi sote tuna makosa. Nalikataa pia. Kosa likishagawanywa sawa kwa watu wote, kila mtu anabeba kidogo kiasi kwamba hahisi uzito. Haki ni kupanda na bomba kinyume cha maji, na kila kituo kuuliza: huyu angeweza kuchagua nini? Mama fua angeweza kuchagua kidogo sana. Mpangaji angeweza kuchagua sabuni. Mwenye ploti angeweza kuchagua karibu kila kitu. Mzigo uongezeke kadiri tunavyopanda.

Tena bomba letu ni fupi. Mto Athi hupokea maji ya Nairobi, hubadilisha jina njiani ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Popote njiani, anayeishi chini ndiye huambiwa achemshe na achuje. Huko maji machafu huenda kuna watu.

Bomba lilinyooshwa. Kichujio sasa kina zamu, na majina yako ukutani. Kuna koki ya kugeuza maji yenye dawa au ya nepi yaende kwenye maji taka, na mama fua ndiye huifungua, maana sasa anajua inakoelekeza. Matuta yalitiwa jipsumu, yanangoja mvua iyasafishe, na maji ya kufulia yanakwenda kwenye migomba na mipapai. Kisima bado ni cha chumvi. Mama fua anapita getini kama kawaida, siku mbili kwa wiki.

Bado sijasikia mtu akimwomba radhi.