Mtungi Uko Mkononi mwa Nani?



Langoni kwangu kuna bogenvilia, ile yenye miiba na rangi ya zambarau inayopanda ukutani. Mwaka jana nilikuwa naimwagilia kila jioni na kuitilia samadi, ikanipa majani tu. Kijani kitupu! Mzee anayeuza miche kando ya barabara akanicheka: "Pasta, umeilisha kupita kiasi. Punguza maji." Nikawa naacha udongo ukauke kwanza ndipo nimwagilie tena. Baada ya wiki kadhaa ukuta ukajaa rangi.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naona faida haraka. Jumapili iliyofuata nikahubiri kwamba Mungu akikunyima, anakuandaa uchanue. Watu wakasema amina kwa nguvu.

Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono. Alikuwa amemzika mumewe mwezi uliotangulia, na mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Akaniuliza polepole, "Pasta, kwa hivyo hii yangu ndiyo kiu ya kuchanua?" Nilikosa jibu.

Nikiwa njiani kwenda nyumbani, nikakumbuka kitu ambacho sikukitia kwenye mahubiri. Nilipanda miche miwili. Ule mwingine ulikauka mwezi wa kwanza, maana nilisafiri bila kumwachia mtu kazi ya kuumwagilia. Bogenvilia huvumilia ukame ikishashika mizizi. Ikiwa bado changa, au mizizi ikiumia wakati wa kuihamisha, kiu inaiua. Ukame ni uleule. Mizizi ndiyo tofauti.

Je, ni haki kumwambia anayeteseka kwamba mateso yake yana faida? Naona inategemea anayesema ni nani. Aliyepita katika ukame akisema mwenyewe, miaka baadaye, kwamba ulimchanulisha, huo ni ushuhuda. Nikisema mimi niliyeshika mtungi uliojaa, hicho ni kisingizio cha kutomwaga maji. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 kimya, wakafanya vyema. Shida ilianza walipofungua mdomo kumweleza.

Wiki hii nilienda kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Kisha tukaketi tukapiga hesabu ya karo pamoja.

Wapendwa, kabla hujamwambia jirani yako kwamba atachanua, angalia kwanza kama mtungi wako una maji.