Kusali Bila Kujisikia, Je, Ni Unafiki?



Baba yangu alipofariki nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa. Jioni ya mazishi jumuiya ilikusanyika nyumbani kwetu, na mama mmoja akaniambia, "Frateri, tuongoze Rozari." Nikaanza. Mdomo ulisema Salamu Maria, lakini ndani palikuwa pakavu kabisa. Usiku ule nilijiuliza: hivi mimi si mnafiki? Kama moyo hauna kitu, si afadhali ninyamaze?

Wengi mmeniuliza swali hilohilo: "Frateri, sijisikii kusali, nifanyeje?" Mimi nilisaidiwa na kitu ambacho sikukitegemea: desturi za sala za Wayahudi.

Myahudi anayeshika desturi husali mara tatu kwa siku, asubuhi, alasiri na jioni, kwa maneno yaliyopangwa. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku. Petro na Yohane walikuwa wanapanda hekaluni kwa sala ya saa tisa walipomkuta yule kiwete. Sasa mfikirie Myahudi aliyefiwa na mzazi. Kwa desturi husali Kadishi kwa miezi 11. Kumbe sala hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ni Kiaramu, haimtaji marehemu wala kifo! Inamtukuza Mungu na kuomba ufalme wake uje. Yaani mtu aliyevunjika moyo anasimama kumsifu Mungu siku baada ya siku, ajisikie asijisikie. Tena haisali peke yake. Lazima wawepo watu wazima 10, na wenzake humwitikia, "Amina."

Utasema, hayo si maneno matupu? Walimu wao wenyewe waliiona hatari hiyo. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho wa karibu mwaka 200, Rabi Eliezeri anaonya kwamba anayeifanya sala yake kuwa mazoea tu, huyo haombi. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wao walikuwa na maneno na sisi tukaleta moyo. Hata Yesu alipokataza kupayukapayuka katika sala, mfano aliotoa ni watu wa Mataifa.

Wayahudi huita moyo wa sala kavana, neno lenye asili ya kuelekeza. Swali ni moyo wako umeelekea wapi, hata kama hausikii kitu. Hapa falsafa inatusaidia kutenganisha nia na hisia. Mnafiki huonyesha watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki. Mwenye moyo mkavu anakitaka, ila hakisikii. Binti anayemuuguza mama yake usiku wa manane, amechoka, hana hisia yoyote tamu. Nani atasema hampendi?

Na Yesu mwenyewe, alipojiona ameachwa msalabani, alishika maneno ya Zaburi ya 22, sala aliyoipokea kwa watu wake.

Sisemi tuichukue Kadishi. Hiyo ni sala yao. Sisi tuna Rozari, tuna Masifu, tuna Raha ya Milele kwa marehemu wetu. Ila tujifunze kwao kwamba maneno ya kupokea na watu wa kutuitikia ni msaada kwa moyo uliochoka.

Nakiri kuna siku hata nia yenyewe siioni, na sina hoja ya kulimaliza hilo. Usiku ule nilikwama katikati ya fumbo la tatu. Yule mama akapokea palepale nilipoishia, bila kuniangalia, na nyumba nzima ikaitikia. Baada ya muda nikaweza kuitikia nao.

Basi wiki hii, kama hujisikii, usikae chumbani ukisubiri hisia zije. Nenda jumuiya. Na kama kuna mwenzako aliyefiwa, kaa karibu naye, umwitikie "Amina" kwa sauti ya kutosha asikie.

Tuombeane.