Hukumu ya Kumwuzia Mtu wa Eneo la Mwenzio

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Jueni, enyi ndugu mnaochuma kwa biashara, ya kuwa imeenea katika miji ya pwani biashara ya kukodi jina. Mwenye jina lenye sifa huwapa watu ruhusa ya kuuza kwa jina lake na mapishi yake, nao humlipa, na kila mmoja hukatiwa mpaka. Tuseme Zaid amepewa Kisauni auze kuku wa kukaanga, na Amri amepewa Nyali. Kisha Zaid akawatamani wanunuzi wa Nyali. Je, yajuzu awauzie?

Wako wasemao kuwa riziki ni ya Mungu na mnunuzi hana mwenyewe. Kweli mnunuzi hana mwenyewe, lakini ahadi ina mwenyewe. Aya ya kwanza ya Suratul Maida yawaamrisha walioamini kutimiza mapatano, na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi Waislamu hufungwa na masharti yao, illa sharti la kuharimisha halali au kuhalalisha haramu.

Basi na litazamwe sharti la mpaka limefungwa wapi. Likiwa ndani ya bei yenyewe, kama mwenye jina kumwambia Zaid, "Nakuuzia unga huu kwa sharti usimwuzie mtu wa Nyali," sharti hilo kwa Mashafii ni bovu, na bei yaharibika. Kwani aliyenunua amemiliki, naye ana haki ya kuuza kwa amtakaye. Hapa wengi huishia, wakadhani wamepata njia. Hawakupata. Mpaka wa Zaid haukufungwa katika unga wala katika kuku; umefungwa katika jina, na jina si lake. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, mwaka 1988, ilikata kuwa jina la biashara na alama yake ni haki za wenyewe zenye thamani, wala haijuzu kuzivamia. Na Imamu Nawawi katika Minhaj amesema juu ya wakili aliyeambiwa auze mahali maalumu, kuwa mahali hapo pamemlazimu. Akataja na kauli ya kuwa hapamlazimu pakiwa hapana makusudio. Makusudio hapa ni dhahiri: Amri ametoa mali yake akitumai mpaka huo.

Kwa hiyo Zaid kupeleka vijana Nyali na karatasi za bei, au kuwaandikia wateja wa Amri katika simu zao, au kulipia tangazo ili lionekane kwa watu wa Nyali, haya hayajuzu. Na mbaya zaidi ni kumwendea aliyekwisha kupatana bei na Amri, au aliyenunua naye yungali katika khiyari, akamwambia, "Rudisha, kwangu ni rahisi." Hili Mtume S.A.W. amelikataza katika hadithi ya Bukhari na Muslim, hata pasipokuwa na mkataba wowote. Bei husihi, na dhambi hubaki.

Ama mtu wa Nyali aliyekuja Kisauni kwa miguu yake, Zaid na amwuzie, wala halazimiki kumwuliza akaako. Mpaka wamfunga muuzaji, haumfungi mwenye njaa. Hata watu wa Umoja wa Ulaya, katika kanuni yao ya 2022/720 iliyoanza tarehe 1 Juni 2022, wamekubali muuzaji azuiwe kuwaendea wateja wa eneo alilopewa mwenziwe peke yake, wakakataa azuiwe kuwajibu waliomjia wenyewe. Ila mkataba ukitamka wazi kuwa mteja huyo arudishwe kwa Amri, Zaid aliyetia saini na amrudishe kwa maneno mazuri. Ni sharti zito, na mwenye jina afanya vyema asiliweke.

Akipiga simu mtu wa Nyali, ni kama aliyekuja, naye akabidhiwe chakula mlangoni Kisauni. Lakini bodaboda kuvuka na chakula mpaka Nyali ni kuingia katika eneo la mwenziwe. Mkataba ukinyamaza, Zaid na aombe ruhusa ya mwenye jina kwa maandishi kabla ya kupeleka. Radhi ya Amri peke yake haitoshi. Aweza kusamehe haki yake, hawezi kusamehe ya mwenye jina.

Wala Zaid asimwambie mteja kuwa mafuta ya Amri ni ya juzi. Ikiwa kweli ni ghiba, ikiwa uwongo ni buhtani.

Na Amri akifunga duka, Nyali yarejea kwa mwenye jina. Haiwi ya Zaid kwa ujirani. Aliyekwisha kuuza huko naye akijua, istighfari peke yake haimtoshi, kwa kuwa hii ni haki ya kiumbe. Na amwendee Amri amtake radhi, amweleze ni kiasi gani alichouza. Wallahu aalam.