Mizani ya Daktari wa Watoto

Kizota, mjini Dodoma, kuna maghala ya akiba ya nafaka ya taifa. Gunia la mahindi likifika ghalani haliulizwi limetoka shamba la nani. Hupimwa unyevu, likapandishwa mizanini. Je, daktari anayejifunza kutibu watoto naye apimwe vivyo hivyo, kwa mtihani mmoja ulio sawa kwa wote, popote aliposomea?

Wanaoutetea mtihani huo wana hoja nzito. Mama wa Kizota anayemkimbiza mwanawe hospitalini usiku hamchagui daktari; humpata aliye zamu. Na zamani mtahiniwa mmoja aliweza kupewa mgonjwa mwepesi, mwenzake akaangukiwa na mgumu, na hukumu ikategemea pia mtahini kaamkaje siku hiyo. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskochi, waliandika juu ya mtihani wa vituo: kengele ikilia kila mtahiniwa huhamia kituo kinachofuata, akakuta jambo lile lile walilolikuta wenzake, na alama hutolewa kwa orodha iliyoandikwa kabla. Anayeidharau orodha hiyo na ajiulize angependa mwanawe atibiwe na nani.

Lakini mizani ina mawe, na mawe yana aliyeyachonga. Daktari hufundishwa kufinya ngozi ya tumbo la mtoto anayeharisha: ikichelewa kurudi, basi maji yamempungua mwilini. Kwa mtoto aliyekondeshwa na utapiamlo, ngozi huweza kuchelewa hata kama maji hayajapungua. Mtungaji wa swali asiyewahi kumwona mtoto huyo atampa alama anayekosea.

Liko kubwa kuliko hilo. Kwa miaka mingi jibu lililosifiwa, mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vyema, lilikuwa kumpa maji mengi ya dripu kwa haraka. Lilikuwa jibu la nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 uliwagawa kwa kura watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwamo wa Muheza na Kilifi. Ndani ya saa 48, kati ya kila 100 waliopewa maji ya haraka walikufa 10.5, kati ya wasiopewa, 7.3. Mtahiniwa aliyesita mwaka 2010 huenda alipoteza alama kwa jibu ambalo lingemwokoa mtoto.

Wasioupenda mtihani wasishangilie, hata hivyo. Kosa hilo halikufichuliwa na uzoefu wa macho peke yake. Lilifichuliwa na kipimo kikali, kilicho sawa kwa kila mtoto. Kinachodaiwa, basi, ni kwamba waliolala zamu katika wodi za Dodoma, Muheza na Mbale wawe miongoni mwa watunga maswali, na majibu yenyewe yatahiniwe upya kila mara.

Hapo bado pana mwiba. Nchi yenye mabingwa wachache wa watoto ikimfelisha mmoja, kuna wodi itakayoendelea kungoja. Kumpitisha kwa huruma ni kumtoza mtoto gharama ya huruma hiyo, naye hakuulizwa. Mkulima ambaye mahindi yake yamekutwa na unyevu huyarudisha juani, akayaleta tena. Daktari naye hurudishwa wodini, chini ya bingwa, miezi kadhaa. Na mama wa Kizota, miezi hiyo, atampata nani zamu?