Daktari wa Maradhi ya Kuambukiza ni wa Nani?

Mtu wa hapa Dodoma akiuliza, "Yule daktari ni wa wapi?", mara nyingi hataki kujua kabila lake wala kijiji alichozaliwa. Ataka kujua hospitali yake. Ni wa General? Ni wa Mvumi? Ni wa Benjamin Mkapa? Au ni wa zahanati ya mtu binafsi pale mjini? Na siku hizi jibu laweza kuwa kwamba yu wa kote. Asubuhi hufundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu na kupita nao wodini, mchana ana kliniki, na jioni utamkuta katika chumba kidogo chenye kibao mlangoni, ambako hulipa kwanza ndipo umwone. Tungependa kulifikiri jambo hili pamoja nanyi, ndugu wasomaji, si kwa habari ya madaktari wote, bali kwa habari ya yule atibuye maradhi ya kuambukiza. Kwa maana twaona kwamba habari yake si sawa na ya mwenzake apasuaye ngiri au aungaye mfupa.

Mwenye ngiri ni mtu mmoja. Akipona amepona yeye, na akichelewa huumia yeye. Lakini mwenye kifua kikuu anayekohoa ndani ya tembe hayuko peke yake. Twazijua tembe zetu: dari ya udongo iliyo chini, tundu dogo la mwanga, moshi, na watu watano au sita wakilala chumba kimoja. Ugonjwa huu husafiri kwa hewa, na hewa ya tembe haina pa kwenda. Basi huyo mzee anapoingia kwa daktari na kuketi kitini, wameketi pamoja naye mkewe, na mjukuu anayelala ubavuni mwake, na jirani wanayekunywa naye kwenye kibuyu. Hawa hawakuja, hawakulipa, wala majina yao hayamo katika kadi. Je, si wagonjwa wa daktari huyo?

Sisi twasema ndio. Na kama ni hivyo, basi mapatano ya fedha kati ya daktari na mgonjwa, ambayo kwa ngiri yaweza kuwa haki kabisa, kwa kifua kikuu yana upungufu, kwa kuwa wanaohusika zaidi hawakuwapo yalipofanywa.

Tuangalie jaribu lenyewe lilivyo. Tangu Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma uanzishwe mwaka 1977, nchi yetu imeshika kanuni kwamba dawa za maradhi haya mawili hutolewa bure. Mshauri mkuu wa mpango ule alikuwa Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye alipokuwa kijana aliugua kifua kikuu mwenyewe. Hakujulikana kwa hospitali kubwa wala kwa vyombo vya ajabu. Alijulikana kwa madaftari. Alitaka kila wilaya iwe na daftari moja, kila mgonjwa aandikwe, makohozi yake yapimwe kwa hadubini, ameze dawa mbele ya mtu, na mwisho iandikwe amepona, amekufa, au ametoroka. Njia hiyo iliyofanyiwa kazi katika wilaya zetu ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Zamani mgonjwa alilazwa miezi miwili ya kwanza na matibabu yote yalichukua miezi minane. Sasa kwa kawaida ni miezi sita, na wengi humeza dawa nyumbani chini ya uangalizi wa ndugu.

Sasa fikiri. Mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu amekuja jioni kwenye chumba chenye kibao. Daktari akimpima akaona ni kifua kikuu, yampasa amwandike katika daftari la wilaya na kumpa dawa za bure. Kwa hiyo amempoteza mteja. Lakini akimpa dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vya wiki moja, mtu huyo atarudi, naye atalipa tena. Akirudi apewe vidonge vya aina nyingine, navyo vya bei zaidi. Hapana aliyeiba. Hapana aliyesema uongo. Ni kuchelewa tu kidogo, na mgonjwa mwenyewe ashukuru kwa kuwa daktari ni mpole na hana foleni. Wakati huo mjukuu analala palepale ubavuni. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo uadilifu wa daktari huyu hupimwa, mahali ambapo hapana mtu wa kumshtaki.

Wako watakaosema dawa yake ni kumkataza kabisa asifanye kazi ya binafsi. Nchi hii ilijaribu. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia matibabu ya kutafuta faida, na hospitali zisizo za serikali zikabaki mikononi mwa makanisa na mashirika yaliyokubaliwa. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, kibao kikarudi mlangoni. Hatuandiki ili kuutamani wakati ule. Daktari naye ana watoto wa kusomesha na mama mzee kijijini, na mshahara aujua yeye. Tena kuna watu ambao wasingemwona daktari kamwe kama asingekuwapo jioni, kwa sababu mchana wako shambani au kazini. Wala hatukubaliani na wale wanaomsema kila daktari mwenye kliniki kuwa ni mfanya biashara. Twasema tu kwamba, kwa maradhi yanayoambukiza, kibao kile kifungwe kwa kamba kwenye lile daftari la wilaya. Mpango wenyewe waruhusu: zahanati za binafsi zaweza kuandikisha na kutibu kwa dawa zilezile za bure. Yule akataaye kufungwa kamba hiyo ndiye tunayemtilia shaka.

Liko jambo la pili, nalo ni mahali daktari anaposimama. Mvumi ni kilometa 40 hivi kutoka mjini. Hospitali yake ni ya Dayosisi yetu, na kwa mapatano na serikali imekuwa hospitali teule ya wilaya. Madaktari waliofanya kazi pale walijifunza kuujua ugonjwa ambao wa mjini angeweza kumaliza miaka bila kuuona: homa ya papasi. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi ufani. Homa huja kwa ukali, huondoka, mtu hudhani amepona, kisha hurudi. Kwa mama mjamzito ni hatari kubwa. Mimba hutoka, au mtoto huzaliwa na kufa siku za kwanza. Na hata hivyo ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za zamani na za bei ndogo, kama penisilini. Shida ni kuutambua. Vijidudu vyake huonekana kwa hadubini katika tone lilelile la damu linalotafutwa malaria, kama vinyuzi vilivyosokotwa. Lakini kile kipimo cha haraka cha malaria, kinachopendwa sana siku hizi, hakiwezi kuvionyesha. Kitasema hakuna malaria, na hapo ndipo mama ataambiwa aende nyumbani akapumzike.

Kwa hiyo anayesema kwamba daktari kuwa na hospitali moja au tatu ni jambo la mshahara tu, hakufikiri vema. Hospitali humfundisha daktari nini cha kutazama. Aliye mjini tu huona magonjwa ya mjini, kisha hufikiri hayo ndiyo magonjwa yaliyopo. Tungefurahi sana kama wale mabingwa wa Chuo Kikuu, badala ya kuongeza chumba cha nne pale mjini, wangefanya cha nne kuwa Mvumi, au Kongwa, hata kama ni siku moja kwa mwezi. Tena homa hii yataka kitanda: baada ya dozi ya kwanza wengine hushikwa na kitetemeshi kikali na nguvu ya damu kushuka, basi lazima muuguzi awe karibu. Chumba cha jioni hakina kitanda cha usiku. (Ni kweli kwamba nyumba za bati na saruji zimewanyima papasi makao. Lakini tembe hazijaisha, na anayepita barabara kuu tu asitueleze kwamba zimeisha.)

La tatu ni gumu kuliko haya. Daktari mwenye vyumba viwili hujua siri mbili. Mume amemwona jioni, amepimwa, amekutwa na virusi vya UKIMWI, na ameomba isijulikane. Baada ya wiki, katika kliniki ya hospitali, anaketi mbele yake mke wa mtu huyo, mjamzito. Daktari ni yuleyule. Je, alichokijua katika chumba cha kwanza akisahau katika cha pili?

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yalinda siri ya mgonjwa, na yamtaka mwenye virusi amweleze mwenzi wake. Wengine husema basi, mzigo ni wa mume, daktari anyamaze. Hatutosheki na jibu hilo, wala hatumshauri daktari apige mbiu. Njia iko: mama mjamzito hupimwa kwa haki yake mwenyewe, bila kutaja mtu mwingine yeyote, na akikutwa na virusi atapewa dawa za kumlinda yeye na mtoto. Mume naye aitwe tena, aelezwe kwamba dawa ni bure, na kwamba anayezimeza vema mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mkewe. Wengi hukubali kusema wanapojua kwamba hawatangazi kifo. Lakini kama mama akikutwa hana virusi, na mume akaendelea kukataa dawa na kukataa kusema? Hapo daktari hana budi kuendelea kumsumbua mume huyo, hata ikimkasirisha, hata akihamia kwa daktari mwingine na fedha zake. Ada ya jioni ni ya kupimwa na kutibiwa. Haikununua raha ya kutosumbuliwa.

Na tukimsema daktari, kanisa letu nalo lina hospitali, na hospitali ina dirisha la fedha. Dawa za kifua kikuu ni bure Mvumi kama kwingineko. Lakini nauli ya kutoka Handali au Manda si bure, wala chakula cha ndugu anayemsindikiza mgonjwa, wala picha ya kifua pale inapohitajika kabla ugonjwa haujajulikana jina. Mtu aweza kukwama mlangoni kabla hajafika kwenye kilicho bure. Halmashauri za parokia zitakapokutana kupanga matumizi ya sadaka za mavuno, twaomba swali hili liwekwe mezani likiwa na hesabu yake: ni wagonjwa wangapi wa kikohozi katika parokia yetu, nauli ya kila mmoja ni kiasi gani, na ni nani atakayekwenda naye.