Mikono Isiyoinuka

Somo: Kutoka 17:8-13



Kwenye mkesha wa mwezi uliopita nilikosea mbele ya watu, kwa hiyo naungama mbele ya watu. Wakati wa sifa nilimwona mama mmoja ameketi, mikono imelala mapajani. Nikashika maiki nikasema kuna watu wamekuja na kiburi, hawataki kumwinulia Mungu mikono. Wengi waligeuka wakamwangalia.

Baada ya ibada alinijia, wala hakuwa na hasira. "Pasta, mabega yangu hayapandi. Hata kitambaa cha kichwa nafungwa na mjukuu."

Mama huyu yuko kwenye dayalisisi mwaka wa 11 sasa. Figo nzima husafisha damu usiku na mchana, masaa 168 kwa wiki. Mashine humpa masaa 8 tu. (Nilisomea biashara, hesabu hiyo ingefunga duka lolote.) Kuna protini ndogo, beta-2 maikroglobulini, ambayo figo huiondoa lakini mashine huiacha nyingi. Watafiti wa Japani waliitambua kwenye ugonjwa huu mwaka 1985. Miaka ikipita hujikusanya kwenye viungo na kano, hasa mabega na vifundo vya mikono. Vinavimba, vinakakamaa, vidole vinakufa ganzi, na usiku maumivu huzidi. Hali hii huja baada ya miaka mingi ya mashine. Ni alama ya mtu ambaye Mungu amemtunza muda mrefu, nami niliiita kiburi!

Sasa mtazame Musa. Mikono yake ilichoka vitani, na hakuna aliyemuuliza imani yake iko wapi. Haruni na Huri walimtafutia jiwe akalie, kisha wakaishika mikono yake, mmoja huku, mwingine kule, mpaka jua likatua. Walianza na jiwe. Mimi nilianza na maiki.

Nimemwomba msamaha, amenisamehe, na ameniruhusu kueleza haya bila jina lake. Uponyaji tunaendelea kumwombea. Lakini kuna aliyemshauri aache mashine "kwa imani." Huyo, tafadhali, aje ofisini tuongee kabla hajamwambia mwingine.

Mama huenda Jumanne na Ijumaa, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Akirudi huwa amelegea, na mikono hiyo haiwezi kushika chuma cha matatu. Jumanne akina dada wa kwaya wameichukua. Ijumaa bado haina mtu. Mwenye nafasi amwone shemasi wa zamu pale mlangoni.